Nafuu za Uhamiaji za USCIS Baada ya Maafa: Zinamfaa Nani, Zinakwama Wapi

Kimbunga kikipiga, moto ukiteketeza mtaa mzima au tetemeko likiangusha mji, haupiti muda mrefu kabla Idara ya Uraia na Uhamiaji ya Marekani, USCIS, haijatoa tangazo kwamba wageni walioathirika wanaweza kuomba nafuu. Ilifanya hivyo baada ya kimbunga Haiyan kilichoipiga Ufilipino Novemba 2013, tetemeko la Nepal la Aprili 2015, kimbunga Harvey cha Texas mwaka 2017, na matetemeko ya Uturuki na Syria ya Februari 2023. Tangazo likishaingia kwenye makundi ya WhatsApp hukatwakatwa, na likimfikia mtu wa mwisho linasema Marekani inawapa wahanga makaratasi. Haiwapi. Inachotoa ni kitu kingine, chenye manufaa makubwa kwa anayekielewa na chenye mitego kwa asiyekielewa.

Hukumu yetu tunaitoa mapema. Huduma hii inarekebisha tarehe, nyaraka na ada. Haimpi mtu hadhi ambayo hakuwa nayo. Mwenye maombi ambayo tayari yako USCIS, aliyepoteza barua, miadi au kadi kwa sababu ya maafa, tunaipa nyota nne kati ya tano. Aliye nchini kihalali lakini muda wake unaisha na hawezi kuondoka, nyota tatu. Asiye na hadhi wala maombi yoyote atapata hapa kidogo sana. Kwake la kuangalia ni kama nchi yake imo kwenye hifadhi ya muda iitwayo TPS, nayo ni habari nyingine tunayoifikia mbele.

Huduma inawagusa watu wa aina mbili: aliyekumbwa na maafa ndani ya Marekani kwenyewe, na aliye Marekani wakati maafa yameikumba nchi aliyotoka. Wote wanaweza kuomba nyongeza ya muda wa kukaa, kibali cha kazi kiharakishwe, ruhusa ya kusafiri na kurudi iharakishwe, ada isamehewe kwa fomu zinazosameheka, kadi iliyopotea itolewe upya, au kusamehewa kuchelewa kujibu barua ya kudai ushahidi na kukosa miadi ya usaili au ya alama za vidole. Orodha inavutia. Lakini kila kipengele huamuliwa kwa mtu mmoja mmoja, kwa hiari ya ofisa, na baada ya mhusika kuomba mwenyewe.

Hilo la kuomba mwenyewe ndilo linaloangusha wengi. Wakati wa Uviko-19, hadi Machi 23, 2023, USCIS iliongeza siku 60 za kujibu barua zake bila mtu kuomba. Watu walizoea. Kimbunga au moto hauleti nyongeza ya namna hiyo. Barua ya kudai ushahidi ina tarehe yake ya mwisho, haizidi siku 84 na kwa fomu nyingine ni siku 30 tu, na tarehe hiyo inabaki palepale hata kama nyumba imeezuliwa, mpaka mhusika aombe na aeleze. Ofisi ikifungwa kwa dhoruba, miadi ya siku hiyo hupangwa upya na ofisi yenyewe. Ofisi ikiwa wazi na barabara yako ndiyo iliyofungwa, mzigo wa kutoa taarifa ni wako. Ukikosa miadi ya alama za vidole bila kuomba, maombi yanaweza kuhesabiwa kuwa yametelekezwa na kukataliwa.

Mlango wa kuombea ni kituo cha simu, 800-375-5283, au chati ya kwenye tovuti yao ambayo huanza na msaidizi wa kompyuta aitwaye Emma. Simu inahudumiwa kwa Kiingereza na Kihispania, Kiswahili hakipo, kwa hiyo asiyezimudu lugha hizo akae na mtu wa kumfasiria kabla hajapiga. Kupanga upya miadi ya alama za vidole hufanyika pia kupitia akaunti ya mtandaoni, ila zikibaki chini ya saa 12 au miadi ikiwa imeshapita, inabidi kupiga simu.

Anayepokea simu mara ya kwanza haamui chochote. Anafungua ombi la huduma na kulipeleka kwenye ofisi yenye faili. Kwa hiyo anachoandika yeye ndicho kitakachosomwa, na inafaa umpe sentensi zilizo tayari: namba ya risiti yenye herufi tatu na tarakimu kumi, namba ya mgeni, jina kamili kama lilivyo kwenye fomu, anwani iliyo kwenye mfumo na anwani ya sasa, tarehe ya maafa, na ombi lenyewe kwa maneno machache. “Naomba kibali cha kazi kiharakishwe kwa sababu kadi imeungua na mwajiri amenisimamisha tangu tarehe fulani” lina uzito kuliko maelezo ya dakika kumi kuhusu moto. Usikate simu bila namba ya ombi la huduma. Baadaye barua pepe ya kudai vielelezo huweza kuja, na ikikaa kwenye kasha la taka bila kujibiwa, ombi hufungwa.

Vielelezo vyenye nguvu ni vile vinavyounganisha maafa na jambo lililokwama. Tangazo la serikali kuu la janga linalotaja kaunti yako, pamoja na mkataba wa pango au bili inayoonyesha uliishi hapo, vinathibitisha mahali. Barua ya bima, taarifa ya polisi au zimamoto na picha zinathibitisha hasara. Ujumbe wa shirika la ndege kwamba safari imefutwa, au tangazo la uwanja wa ndege kufungwa, unathibitisha kwa nini hukuondoka. Kisha iandikwe barua fupi inayofuata tarehe: siku fulani maji yaliingia, siku fulani tulihamishiwa makazi ya dharura, siku fulani barua ya USCIS ilipaswa kujibiwa, siku fulani nilipata nakala. Maombi mengi hukataliwa si kwa sababu ofisa anashuku kwamba kimbunga kilitokea. Hukataliwa kwa sababu karatasi hazionyeshi kimbunga kilimzuia vipi mtu huyu kufanya jambo hili kwa wakati wake.

Sehemu inayostahili umakini kuliko zote ni nyongeza ya muda wa kukaa kwa fomu I-539. Kanuni ni kuiwasilisha kabla tarehe ya kwenye I-94, rekodi ya kuingia kwako inayoonyesha mwisho wa muda wa kukaa, haijapita, na tarehe ya kuangalia ni hiyo ya I-94, si ya viza iliyogongwa kwenye pasipoti. Aliyewasilisha kwa wakati, ombi lisilo la ovyo, akiwa hajafanya kazi bila ruhusa, hahesabiwi siku za kukaa kinyume cha sheria wakati ombi likisubiri. Aliyechelewa anaweza bado kukubaliwa, lakini lazima aonyeshe kwamba kuchelewa kulitokana na mambo yasiyo ya kawaida yaliyo nje ya uwezo wake, kwamba urefu wa kuchelewa unalingana na mambo hayo, kwamba hajavunja masharti mengine, kwamba bado ni mgeni wa muda wa kweli, na kwamba hana kesi ya kuondolewa nchini. Neno zito hapo ni “unalingana”. Uwanja wa ndege uliofungwa siku tisa unaeleza kuchelewa kwa wiki mbili. Hauelezi miezi minne.

Hatari ya kuchelewa imeongezeka. Kwa mwongozo wa Februari 28, 2025, USCIS hutoa wito wa kufika mbele ya jaji wa uhamiaji kwa mtu aliyekataliwa ombi na ambaye hana hadhi halali. Zamani aliyekataliwa I-539 mara nyingi aliondoka kimya kimya. Leo barua ya kukataliwa inaweza kufuatwa na wito wa mahakama. Tena, kupitiliza muda hufuta viza uliyoingia nayo, na kukaa kinyume cha sheria zaidi ya siku 180 kisha kuondoka huleta zuio la kurudi la miaka mitatu. Ikifika mwaka mmoja au zaidi ni miaka kumi. Kwa hiyo aliyekwisha pita tarehe asijaze I-539 peke yake kwa kufuata video. Huyo ni wa kumwona wakili kwanza.

Walioingia bila viza kwa idhini ya mtandaoni iitwayo ESTA, yaani wenye pasipoti za nchi zilizo kwenye mpango wa siku 90, hawana haki ya nyongeza wala ya kubadili hadhi kuwa mwanafunzi au mgeni wa aina nyingine. Wao dharura ikiwazuia kuondoka wanaweza kupewa hadi siku 30 za kuondoka bila kuhesabiwa wamepitiliza. Waombe kabla siku 90 hazijaisha, wakiwa na tiketi mpya mkononi.

Nyaraka zilizopotea ni eneo ambalo watu hupoteza fedha bure. Anza na pasipoti, kupitia ubalozi wa nchi yako, maana karibu kila kitu kingine kitaiuliza. I-94 usikimbilie kuilipia: walioingia kwa ndege au meli tangu 2013 rekodi yao ni ya kielektroniki, na inachapwa bila malipo kwenye tovuti ya I-94 ya mamlaka ya mipaka, CBP, kwa namba ya pasipoti uliyoingia nayo. Fomu I-102 ya kupata I-94 mpya ilipangiwa dola 560 katika viwango vilivyoanza Aprili 2024, na wengi wanaoijaza hawaihitaji. Viza iliyoungua pamoja na pasipoti haitolewi upya ndani ya Marekani; huombwa ubalozini nje ya nchi. Kupotea kwake hakuathiri ukaaji wako, kwani kinachokuhalalisha ukiwa ndani ni I-94.

Grini kadi huombwa upya kwa I-90, dola 415 mtandaoni na 465 kwa karatasi kwa viwango hivyohivyo. Kuisubiri huchukua muda mrefu, na mwajiri au ofisi ya leseni haisubiri. Hapo omba uthibitisho wa muda tu kwamba wewe ni mkaazi wa kudumu, ule muhuri unaogongwa kwenye pasipoti. Tangu 2023 USCIS inaweza pia kuutuma kwa posta ukiwa kwenye fomu ya I-94 yenye picha, bila mtu kwenda ofisini. Huo ni uboreshaji wa kweli, na kwa mtu aliyehamishwa na mafuriko ni msaada mkubwa kuliko kadi yenyewe. Mkaazi wa kudumu aliyepoteza kadi akiwa nje ya Marekani hatumii I-90 ili apande ndege. Anatumia I-131A, hulipa mtandaoni kwanza, kisha hufika ubalozini.

Kama kabati zima la nyaraka limekwenda na maji, omba nakala ya faili lako kwa USCIS chini ya sheria ya uhuru wa habari. Huombwa mtandaoni na kwa kawaida hakuna malipo. Haiji haraka, lakini hukurudishia barua za idhini, fomu za zamani na risiti ambazo wakili atazihitaji miaka ijayo.

Kisha anwani. Anayehama analazimika kuitaarifu USCIS ndani ya siku 10, kwa fomu AR-11 au kupitia akaunti ya mtandaoni. Kubadili anwani posta pekee hakutoshi. Kadi iliyorudishwa kwao kwa kukosa mwenyewe huharibiwa baada ya siku 60 za kazi kama hakuna aliyeulizia. Aliyeko kwenye makazi ya dharura atumie anwani ya ndugu au rafiki anayeaminika, na jina la mwenye nyumba liandikwe kwenye sehemu ya “kwa mkono wa”, la sivyo mpeleka barua atairudisha.

Msamaha wa ada, fomu I-912, una njia tatu: kupokea msaada wa serikali unaotolewa kwa kipimo cha kipato, kipato cha kaya kisichozidi asilimia 150 ya kiwango cha umaskini cha serikali kuu, au dhiki ya kifedha. Mhanga wa maafa mwenye mshahara mzuri wa mwaka jana huangukia njia ya tatu, na huko inabidi hesabu: hasara isiyolipwa na bima, gharama za hoteli, mapato yaliyokatika, kwa tarakimu na risiti. Msamaha unaweza kuombwa kwa I-90 na kwa aina nyingi za I-765 ya kibali cha kazi. I-539, ambayo mhanga anaihitaji zaidi, kwa kawaida haimo, na hilo ni kasoro tunayoihesabu dhidi ya huduma hii. Zaidi ya hapo, tangu Oktoba 28, 2025 fomu za karatasi hazipokelewi na hundi wala oda ya fedha. Hulipwa kwa kadi kwa fomu G-1450 au kwa kukatwa moja kwa moja kwenye akaunti ya benki kwa G-1650. Kadi zikiwa zimepotea, shughulikia benki kwanza.

Wanafunzi wa F-1, yaani wa kigeni wenye viza ya masomo, wana njia ambayo haitumiki ipasavyo. Wazazi nyumbani wakipoteza biashara kwa tetemeko na karo ikakatika, mwanafunzi anaweza kuomba kufanya kazi nje ya chuo kwa sababu ya dhiki kali ya kiuchumi. Awe amekamilisha mwaka mzima wa masomo katika hadhi hiyo, awe na matokeo mazuri, na aonyeshe kwamba kazi ya ndani ya chuo haipatikani au haitoshi. Ofisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni huweka pendekezo lake kwenye I-20, hati ambayo chuo humpa mwanafunzi wa kigeni, kisha I-765 iwasilishwe ndani ya siku 30 tangu pendekezo hilo. Kikomo ni saa 20 kwa wiki masomo yakiendelea. Marufuku kuanza kazi kabla kadi haijafika. Siku chache za papara huvunja hadhi nzima. Kuna pia nafuu maalumu kwa wanafunzi wa nchi fulani, inayotangazwa katika gazeti la serikali kuu kama ilivyokuwa kwa Haiti na Nepal. Hiyo huruhusu kupita saa 20 na kupunguza mzigo wa masomo hadi kredi 6 kwa muhula kwa shahada ya kwanza na 3 kwa shahada za juu. Soma tarehe zake, kwa sababu huwahusu waliokuwa tayari wanafunzi siku iliyotajwa.

Mwenye kesi mbele ya jaji wa uhamiaji asichanganye mambo. Mahakama hizo ziko chini ya Wizara ya Sheria, na nafuu yoyote ya USCIS haisogezi tarehe ya jaji hata kwa saa moja. Hali ya kesi husikilizwa kwa 800-898-7180. Anwani mpya hupelekwa kwa fomu EOIR-33 ndani ya siku 5 za kazi, na kuahirisha huombwa kwa maandishi mahakamani. Asiyefika anaweza kuamriwa kuondoka bila kusikilizwa, na ombi la kubatilisha amri hiyo kwa sababu ya mazingira ya kipekee lina muda wa siku 180 tu.

Tufike kwenye TPS, hifadhi ya muda iliyowekwa na sheria ya uhamiaji ya 1990. Hii ndiyo inayotoa ruhusa ya kukaa na kufanya kazi, na ndiyo watu huidhania wanaposikia neno nafuu. Nchi huteuliwa kwa miezi 6 hadi 18 kwa kila awamu. Kwa maafa ya mazingira sheria inataka pia serikali ya nchi husika iombe rasmi, jambo linalosahauliwa sana. Honduras na Nicaragua ziliteuliwa Januari 1999 baada ya kimbunga Mitch, El Salvador Machi 2001 baada ya matetemeko mawili, Haiti Januari 2010 na Nepal Juni 2015. Ufilipino haikuteuliwa baada ya Haiyan. Raia wake walibaki na nafuu hizi za kawaida tu. Kenya na Tanzania hazijawahi kuwemo.

Uteuzi una tarehe ya ukaazi: Honduras na Nicaragua ni Desemba 30, 1998, Nepal ni Juni 24, 2015. Aliyeingia Marekani baada ya tarehe ya nchi yake hahusiki, hata kama ameyakimbia maafa yenyewe. Ada nayo imebadilika mno. Ada ya kujiandikisha iliyokuwa dola 50 ilipandishwa hadi 500 na sheria iliyotiwa sahihi Julai 4, 2025, kibali cha kwanza cha kazi kikawekewa 550 zake, na hizi hazisamehewi. Viwango hurekebishwa kila mwaka kufuata mfumuko wa bei. Mwaka huohuo serikali ilitangaza kuifuta hifadhi ya Nepal, Honduras, Nicaragua na Haiti, na mashauri yakaenda mahakamani. Mwenye kadi ya TPS aangalie ukurasa wa nchi yake kwenye tovuti ya USCIS kila kunapotoka hukumu, wala asitegemee tarehe iliyochapwa kwenye kadi pekee.

Yeyote anayedai kuuza fomu, kuuza nafasi kwenye orodha au kutaka malipo kwa kadi za zawadi ni tapeli. Fomu za USCIS ni za bure. Wa kumwamini ni wakili mwenye leseni au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria, na baada ya majanga makubwa mawakili wa kujitolea hupangwa kutoa ushauri bila malipo kwa wahanga wa kipato kidogo.

Ombi la kuharakishwa likikataliwa halina rufaa, lakini linaweza kupelekwa tena likiwa na kielelezo kipya; kurudia maneno yaleyale hakubadilishi jibu. I-539 iliyokataliwa nayo haina rufaa, ila kuna kuomba ifunguliwe au iangaliwe upya kwa I-290B ndani ya siku 30 tangu uamuzi, 33 kama uamuzi ulitumwa kwa posta. Siku hizo zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, si tangu ilipokufikia mahali ulipohamishiwa.